Dhamana Yangu ni Baba Mkwe

Fundi wangu wa friji amenitumia pole. Alikuja kwangu mara moja tu, akajaza gesi, akaondoka. Leo asubuhi kaandika: "Bosi, nimeletewa meseji kwamba wewe ni tapeli sugu. Pole sana. Ila ile elfu kumi yangu usiisahau."

Meseji yenyewe ilisindikizwa na picha, ile niliyojipiga nikiwa nimeshika kitambulisho cha NIDA chini ya kidevu, macho yamenitoka kwa sababu programu ya mikopo ilinikataza kupepesa. Kwa sura ile hata mimi ningejikamata. Ilikwenda kwa muuza mkaa, kwa mwalimu wa mwanangu, kwa mtu niliyemhifadhi kama "Dalali Usipokee", na kwa baba mkwe, ambaye alipiga simu akaanza kuniuliza kama huku mvua zinanyesha. Baba mkwe akiuliza habari za mvua, jua kuna kikao cha ukoo.

Tarehe ya marejesho ilikuwa imepita jana yake. Mshahara nao ulikuwa umepitiliza tarehe yake, lakini mwajiri hakuna anayemsambazia picha.

Na aliyeubuni mtambo huu ana akili, tumpe haki yake. Benki inataka hati ya nyumba, barua ya mwajiri, wadhamini na muhuri wa serikali ya mtaa. Programu haitaki hata muhuri. Inaomba ruhusa tu: ione majina yaliyomo kwenye simu, isome meseji, itumie kamera, ijue ulipo. Mwenye shida hasomi masharti. Anabonyeza "Ruhusu" mpaka kidole kinauma. Kwenye meseji inajua nani hukutumia hela na mshahara huingia lini. Kisha laki moja uliyoidhinishiwa inaanza kunyolewa kabla haijakufikia: ada ya huduma, ada ya uchakataji, ada ya tathmini (nani kanitathmini, na lini?). Zinazoingia ni elfu sabini. Baada ya siku saba unarudisha laki nzima.

Nilikaa na kikokotoo. Elfu thelathini juu ya elfu sabini, kwa wiki, ni karibu asilimia 43. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa aina hii ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa elfu sabini yangu ni shilingi 2,450. Nilipompigia simu dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kwamba ile siyo riba, ni ada.

Kinacholinda hela yao ni aibu yangu. Sina kiwanja, sina gari, nina baba mkwe, na baba mkwe hashuki thamani.

Ila hapa kicheko kinanikauka. Ruhusa niliitoa mimi. Mwalimu wa mwanangu hakubonyeza kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ikataja hadharani majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Na bado mama yangu kule kijijini, ambaye simu yake ni ya tochi, alisomewa ile meseji na mtoto wa jirani. Akauza kuku. Akanitumia elfu ishirini, na ya kutolea juu. Nani alimwomba yeye ruhusa?

Na si programu tu. Shemeji yangu yeye aliahidiwa mkopo wa milioni 20 akitanguliza elfu 45 ya bima. Bima ilifika, milioni bado ziko njiani. Jirani alikopa kausha damu, na siku ya marejesho wakaondoka na televisheni, tamthilia ikiwa katikati. Mtaani kwetu kuna bwana anayeshikilia kadi za benki za walimu. Siku ya mshahara hufika mashineni kabla yao.

Wa mwisho kunipigia jana alikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, mzee asiyecheka hata harusini. Nikakaa sawa kusubiri mahubiri. Akakohoa, akashusha sauti:

"Hao jamaa, kijana wangu, wanatoa mpaka shilingi ngapi?"

Nikamwuliza kuna shida gani. Akasema tutaongea, ila Jumapili kwenye kikao nisije nikamwuliza habari za daftari.