Saikolojia kwa Mtoto wa HGK

Ukimwambia mtu wa mtaani kwetu Morogoro kwamba umemaliza kidato cha sita kwa HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, na unaomba chuo, anakupangia maisha papo hapo: ualimu, sheria, au siasa kama una mdomo. Ukimwambia unaomba saikolojia, anakutazama usoni, halafu anashusha macho miguuni kuhakikisha umevaa viatu vyote viwili.

Baba mdogo alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka mingi, na katika ukoo wetu yeye ndiye Wizara ya Afya. Aliposikia habari zangu alivua miwani.

"Saikolojia si udaktari wa vichaa? Sasa wewe bila Kemia, bila Fizikia, utamtibu mgonjwa kwa nini? Kwa Vita vya Majimaji?"

Kikao kizima kikacheka. Nikajitahidi kueleza kwamba daktari wa magonjwa ya akili husomea kwanza udaktari kama madaktari wengine, ndipo akabobea, na huyo ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia njia yake ni nyingine. Anachunguza tabia, anapima kumbukumbu na uelewa, anakaa na mtu wakazungumza, wengine wanabaki kwenye utafiti maisha yao yote. Sikusikilizwa. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo utakwenda kukaa Mirembe?"

"Hapana, bibi. Labda siku moja nitafanya kazi huko."

"Haya. Na watakuruhusu lini?"

Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, na kwa bibi hakuna anayeingia pale kwa mguu wake mwenyewe, sembuse kwa barua ya ajira.

Chanzo cha balaa lote hili ni herufi tatu. Kijana hajamaliza kuota ndevu anapewa tahasusi yake. PCB, PCM na CBG wa sayansi wanakwenda kule, HGK, HGL na HKL wa sanaa wanakuja huku, na kuanzia hapo herufi hizo zinamfuata mpaka msibani. Mtu wa sayansi akisema anataka kusomea chochote, anaambiwa ana akili, ataweza. Mtu wa sanaa akisema anataka kusomea kitu ambacho si kufundisha, anaulizwa nani amemdanganya. Na wala si kweli kwamba sisi wengine sayansi hatukuiona kabisa. Baiolojia tuliisoma wote hadi kidato cha nne. Mimi mwenyewe nimedondosha iodini kwenye kipande cha muhogo nikaona kinageuka rangi ya wino, nikaandika "wanga upo", nikapewa maksi zangu. Lakini ukishapita kidato cha tano na Kiswahili mkononi, ule muhogo haukumbukwi tena.

Kabla ya kuendelea kubishana niliamua kusoma mwenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, mmoja kwa wenye sifa za kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Niliupakua kwenye simu yenye ufa katikati ya kioo, kwa hiyo vigezo vingine nilivisoma nusu upande huu wa ufa na nusu upande ule. Hata hivyo vilieleweka. Shahada niliyoitaka ilikuwa shahada ya sanaa katika saikolojia. Ilidai ufaulu wa masomo mawili ya msingi, jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, unashuka hivyo mpaka E yenye pointi 1. Kwenye orodha ya masomo yanayokubalika walikuwamo Historia, Jiografia na Kiswahili, ndugu zangu wote watatu. Kemia haikulazimishwa kwa yeyote. Nikampelekea baba mdogo simu. Alisoma akifuatisha kidole, akafika mwisho, akarudia, kisha akanirudishia.

"Hapa watakuwa wamekosea kuchapa."

Halafu nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kambini kwa mujibu wa sheria, na mwaka wetu kipindi hicho kikagongana na dirisha la kwanza la maombi. Kambini simu hakuna. Siku moja afande alituuliza kila mtu anataka kusomea nini. Nikasema.

"Saikolojia! Njoo hapa mbele. Niambie nawaza nini sasa hivi."

"Unawaza nikimbie, afande."

"Vizuri sana. Kimbia."

Tangu hapo sikuitwa tena kwa jina langu.

Nyumbani, nako, damu ni damu. Baba mdogo, pamoja na upinzani wake wote, aliona haya mtoto wa kaka yake apitwe na dirisha, akachukua matokeo yangu akaenda steshenari karibu na stendi ya Msamvu. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni kwa njia ya mtandao, na kwa watu wengi "mtandao" maana yake ni kijana wa steshenari: anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anauza kalamu, na katikati ya hayo anawapeleka watoto wa watu vyuo vikuu. Aliyoyaona pale nilisimuliwa na binamu yangu aliyemsindikiza baba mdogo. Kijana ana spika ya sikio upande mmoja, foleni imefika barabarani, mama mmoja anadai kopi za kitambulisho cha NIDA. Orodha ya kozi ikafunguka kwenye kioo, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo.

"Mzee, kozi gani?"

"Saikolojia. Hiyo inayoanza na P."

Nani alimfundisha baba mdogo kwamba saikolojia kwa Kiingereza inaanza na P, sijui, na ni heri asingefundishwa. Kwa sababu kwenye orodha za vyuo P wako wengi, na Physics anatangulia mbele ya Psychology kama ilivyo haki yake kialfabeti. Kijana akabonyeza P wa kwanza, akalipwa chake, akachapa fomu, akaita mteja mwingine. Hivyo ndivyo taifa lilivyopata taarifa rasmi kwamba mtoto mwenye B ya Kiswahili, C ya Historia na D ya Jiografia anaomba shahada ya Fizikia.

Majina yalipotoka, langu halikuwepo. Nilirudi kutoka kambini nikamkuta baba mdogo amekwisha tangaza matokeo ukoo mzima.

"Nilisema mimi. Sayansi wameitaka. Nilisema."

Nikaomba kuiona ile fomu. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, imekunjwa vizuri pamoja na risiti. Nikaisoma, nikamwekea kidole kwenye mstari. Akavaa miwani, akakaa kimya muda mrefu.

"Lakini na yenyewe inaanza na P," akasema.

Dirisha la pili nikaenda mwenyewe. Nikasimama nyuma ya kijana kiasi kwamba akaniuliza kama nina tatizo. Nikachaguliwa. Habari zikazagaa, na kabla sijafungasha begi nyumba ikageuka kliniki. Mama jirani alikuja kuuliza ndoto ya mumewe ina maana gani, na mwanamke aliyekuwamo ndani yake ni nani. Dereva wa bodaboda alinipunguzia nauli kwa sharti nimwambie kwa nini mchumba wake hapokei simu usiku. Nilijua jibu, na halikuhitaji shahada.

Chuoni ndipo nilipogundua kwamba ile sayansi ambayo ndugu zangu walidhani inazuia mlangoni, ilikuwa imekaa ndani, siti ya mbele. Wiki za mwanzo mambo yalikuwa matamu kwa mtu wa HGK. Wilhelm Wundt, anafungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879; alisomea udaktari lakini pale alikuwa profesa wa falsafa. Hiyo ni Historia, nikaandika kurasa. Ivan Pavlov, tunayemjua kwa mbwa wake wanaodondosha mate, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904 alipewa kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula. Nikaandika. Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli kule Vermont, Marekani, mwaka 1848 baruti inalipuka na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja kinaingia chini ya shavu na kutokea utosini, na jamaa anaongea muda mfupi baadaye. Kwa simulizi ya namna hiyo mimi ni mtu wa kwanza darasani kunyoosha mkono. Mwaka nilikuwa nao, mahali nilikuwa napo.

"Na ni sehemu gani ya ubongo iliyoharibika zaidi?" mhadhiri akauliza.

Mkono nikaushusha. Dada mmoja wa PCB, nyuma yangu, akajibu bila kuinua kichwa: sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Zikafuata hipokampasi, amigdala, hipothalamasi, zinasomwa kama kikosi cha timu ngeni inayokuja kutufunga. Halafu ikaja takwimu. Wastani niliuweza. Lakini namna namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, na ile 0.05 ambayo watafiti wengi huitumia kuamua kama matokeo yana uzito au la, vilinirudisha kwenye chumba cha mtihani wa Hisabati kidato cha nne, somo lililoangusha Watanzania wengi kuliko jingine lolote.

Kilichonifariji ni siku ya insha. Tuliambiwa tuandike kurasa nne: tabia hurithiwa au hufunzwa? Yule dada wa PCB, anayechora neva bila kuangalia kitabu, alileta aya mbili na mchoro. Mchoro ulikuwa mzuri sana. Tangu hapo tukawa tunakaa meza moja maktaba. Yeye ananikokotolea, mimi namnyooshea sentensi, na hakuna anayemwonea mwenzake huruma.

Baba mdogo sasa anawaambia watu kwamba ana mtoto anasomea udaktari. Nimeacha kumsahihisha.

Wewe unayesubiri dirisha lifunguliwe, na una H, G au K kifuani: mwongozo wa TCU usome mwenyewe, safu ya vigezo, chuo kwa chuo, kwa sababu havifanani. Ukienda steshenari, soma kioo kabla kijana hajabonyeza. Na ukiwa njiani kwenda kuripoti, pitia nyumbani ulitafute daftari la Hisabati.