Sifa za Mtoto Anayeharibu Hesabu

Asifiwe mtoto wa darasa la kwanza, maana mshauri wa majengo ya kijani, yale yanayojali mazingira, hulazimika kuhesabu watu wanafikaje jengoni, na hakuna anayemtoa jasho kama yeye. Mtu mzima akiulizwa amefikaje kazini hujaza fomu, akamaliza. Mtoto ana kisa kirefu. Alitoka na baba kwa miguu, mvua ikawakuta njiani, jirani akawapakia. Jioni atafuatwa na bibi. Ni umbali gani? "Mbali."

LEED, cheti maarufu cha Marekani cha majengo ya aina hiyo, kimemkwepa kwa adabu. Kanuni zake za shule hutaka nafasi za kuegesha baiskeli kwa asilimia 5 ya watumiaji wa kila siku wa jengo, ila wanafunzi wa darasa la tatu kurudi chini hawahesabiwi. Shule yenye watu wazima 40 na watoto 400, nusu yao wakiwa wadogo hao, huhesabiwa kama ya watu 240: nafasi 12 zinatosha. Watoto 200 wamefutwa kwa mstari mmoja. Baiskeli zao zitaegemezwa ukutani, na ukuta haujawahi kulalamika.

Ajabu ni kwamba kanuni hizo hizo zikitafuta alama za shule iliyo karibu na makazi, humrudia mbio. Wa miaka 14 kushuka chini, ili ahesabiwe, anatakiwa awe anaishi ndani ya mita 1,200 za kutembea hadi shuleni. Mkubwa wake anaruhusiwa 2,400. Miguu ile mifupi imegeuka kamba ya kupimia.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ushahidi. Mama humshusha shuleni, kisha huendelea na safari ya ofisini, na jengo la ofisi huandika kwamba amefika peke yake garini. Ni kweli, amefika peke yake. Ule mzunguko wa kupitia shuleni je, ni wa nani? Ofisi haiujui, na shule isiyomuuliza mtoto haiujui pia. Wamarekani walipowauliza watu habari za watoto, walikuta kwamba mwaka 1969 asilimia 48 ya wenye miaka 5 hadi 14 walikwenda shule kwa miguu au baiskeli. Mwaka 2009 walibaki asilimia 13. Magari yaliyoziba pengo hilo hayakujiendesha.

Na kumuuliza si kazi ngumu. Mpango wa Marekani wa njia salama za shule una fomu ya mwalimu ya kujazia darasani: hali ya hewa, kisha mikono juu, umekujaje leo, na utarudije? Majibu ni saba. Gari la nyumbani ni lenye watoto wa familia moja tu. Akipanda mtoto wa jirani, safari huhamia safu nyingine. Safu ya mwisho ni ya usafiri mwingineo: skuta na ubao wa magurudumu.