Muulize Shangazi: Nani Shahidi Wako?

Barua za wiki hii zimetoka Uingereza, na zimechelewa njiani karne mbili. Walioziandika, ila mmoja, ni wasichana wa riwaya za Jane Austen na Charlotte Brontë, na wote wanauliza jambo moja: nimpende nani, na nitamjuaje? Vitabu vyao ninavyo kabatini, kwa hiyo wasidhani najua yale waliyoniandikia tu.

Kabla ya majibu, tuelewane. Kwetu pwani, msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo wake, mtu mzima wa kumweleza yale ambayo mama huona haya kuyatamka. Hawa hawana somo, na mara nyingi mwandishi huanza kwa kumwondoa hata mama. Jane Eyre ni yatima. Mama yake Emma alifariki zamani. Anne alimpoteza wake akiwa na miaka 14. Mama yake Elizabeth yu hai, lakini kila akikosa anachotaka analalamikia mishipa yake ya fahamu. Na kosa la uchumba huko ni ghali: kwa sheria ya Uingereza ya siku hizo, karibu mali yote ya mke ilikuwa ya mume tangu siku ya ndoa, mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipoleta nafuu. Mume harudishwi dukani.

Kwa hiyo kila anayeniandikia nitamuuliza swali lile lile: hayo unayoyajua kuhusu huyo bwana, umeambiwa na nani?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 20, wa pili kati ya mabinti watano, na nyumbani nasifiwa kwa kuwasoma watu upesi. Bwana mmoja wa pauni 10,000 kwa mwaka alikataa kucheza nami dansi, akanikosoa sura nikiwa nasikia. Baadaye afisa mmoja wa wanamgambo, mzuri wa uso na wa maneno, akanisimulia jinsi tajiri huyo alivyomdhulumu. Sasa tajiri ameniposa, nimemkataa kwa maneno makali, na asubuhi yake amenikabidhi barua ndefu njiani. Niisome au niichane?*
*Mjuzi wa Watu, Hertfordshire*

Marahaba, mwanangu. Isome, kisha uirudie.

Huyo afisa alikufungulia moyo mkiwa hamjajuana bado, mmekaa sebuleni kwa khalati yako wenzenu wakicheza karata. Alisema hawezi kumwaibisha tajiri kwa kumheshimu marehemu baba yake. Tajiri alipoondoka tu, mji mzima ukaijua habari. Alijigamba kwamba hatamkimbia. Usiku wa dansi ya Netherfield hakuonekana. Yote hayo uliyaona. Hukuyatia maanani kwa sababu mmoja alikusifu na mwingine alikuchukiza.

Sasa itazame barua. Inasema afisa aliomba fedha badala ya nafasi ya ukasisi aliyoahidiwa, akapewa pauni 3,000, akazila. Inasema alitaka kumtorosha dada wa huyo tajiri, mtoto wa miaka 15 mwenye urithi wa pauni 30,000. Kisha inakutajia binamu wa tajiri, Kanali Fitzwilliam, aliye hapo hapo jirani, ili ukamuulize. Mwongo hakuelekezi kwa mtu wa kumuumbua. Afisa alikupa shahidi gani zaidi ya uso wake?

Utaona haya, na ni haya yenye faida. Usikimbilie kumpenda tajiri kwa sababu ya barua, imemsafisha tu. Ila ukipita Derbyshire, msikilize mtunza nyumba wake, aliyemjua tangu akiwa na miaka minne. Watumishi wana mengi ambayo wageni wa dansi hawayaoni.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 18, mwalimu wa mtoto mmoja katika jumba la Thornfield kwa pauni 30 kwa mwaka. Kesho naolewa na mwenye jumba. Nampenda, ila kuna kicheko cha usiku ghorofa ya tatu. Kitanda chake kiliwahi kuwashwa moto akiwa amelala. Mgeni mmoja aling'atwa. Na usiku wa kuamkia leo mwanamke nisiyemjua aliingia chumbani kwangu, akaijaribu shela yangu mbele ya kioo, akaichana vipande viwili na kuikanyaga. Mchumba wangu anasema ni Grace Poole mshonaji, na mengine nimeyaona nikiwa nusu usingizini. Ameahidi kunieleza yote mwaka mmoja na siku moja baada ya ndoa. Je, huu ni wasiwasi wa bi harusi tu?*
*Mwalimu, Thornfield*

Marahaba, mwanangu. Ndoto haichani shela. Ulipoamka uliikuta zuliani, vipande viwili. Huyo ndiye shahidi wako, naye hana sababu ya kusema uongo. Na mwanamume anayeweka maelezo yake upande wa pili wa harusi anajua fika kwamba yakitangulia, harusi haitakuwepo.

Jambo moja umelifanya vyema bila kujua. Alipokuwa akikununulia hariri usizozitaka, ulikosa raha kwa kutokuwa na senti yako, ukamwandikia ami yako aliye Madeira kwamba unaolewa. Barua ile itafika mahali ambapo mchumba wako asingependa ifike. Kwa hiyo kesho, kasisi atakapouliza kama kuna pingamizi, usishangae kusikia sauti nyuma yako.

Ukishajua nani anacheka ghorofani, ondoka. Utaambiwa kwamba huna ndugu atakayeaibika ukibaki. Unaye: ni wewe. Ukija kurudi siku moja, urudi ukiwa na fedha zako mwenyewe.

Nina lawama moja. Habari za anayecheka, mke wa mchumba wako aliyefungiwa juu, utazisikia kutoka kwa mumewe, na utaziamini hivyo hivyo. Yeye hataulizwa neno. Riwaya yako ilitoka mwaka 1847. Ilibidi mke huyo angoje mpaka 1966 ndipo Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, ampe nafasi ya kusema katika *Wide Sargasso Sea*.

*Shikamoo Shangazi. Unatuhimiza tutafute mashahidi. Nikiwa na miaka 19 nilichumbiwa na afisa wa jeshi la majini asiye na kitu. Rafiki wa marehemu mama yangu, ambaye kwangu ni kama mama, alinishauri nimwache, nikatii. Imepita miaka minane. Amerudi akiwa kapteni mwenye pauni 25,000 alizopata kwa kuteka meli za adui. Nilimsikiliza mtu mzima, na haya ndiyo matunda yake.*
*Aliyetii, Bath*

Marahaba, mwanangu. Umenibana, na una haki.

Yule mama alikutakia heri, lakini kijana alimtazama mfukoni. Kuhusu mfuko alisema kweli: ulikuwa mtupu. Kuhusu bidii na moyo wa kijana hakuwa ameona kitu, naye akatoa hukumu. Shahidi huulizwa alichokiona. Mengine ni maoni, hata yakitoka kwa mwenye mvi. Sikulaumu kwa kutii. Baba yako hupenda kusoma jina lake katika kitabu cha koo za mabwana kuliko kukutazama wewe, kwa hiyo ulikuwa na mtu mzima mmoja tu wa kukushika mkono.

Leo una miaka 27 na shahidi ni wewe. Kumbuka siku ile kwa dada yako. Ulikuwa umepiga magoti ukimhudumia mpwa wako mgonjwa, na mdogo wake wa miaka miwili akakupanda mgongoni, akagoma kushuka. Ghafla mtu akaifungua mikono ya mtoto shingoni mwako na kumwondoa. Alikuwa kapteni, na hakutamka neno. Aliyekwisha kukusahau asingekuwa na haja ya kunyamaza hivyo.

Na binamu yako anayekuzunguka hapo Bath, mbona anampendeza kila mtu kwa kiasi kile kile? Hujawahi kumwona akikasirika wala akichangamka kupita mpaka. Umeanza kumtilia shaka bila kunong'onezwa na mtu. Miaka minane iliyopita ungengoja kuambiwa.

Majibu ya mkato

*Mpenda Vitisho, Northanger Abbey:* Karatasi ulizozikuta kabatini usiku wa dhoruba ni hesabu za dobi. Jenerali mwenyeji wako hakumuua mkewe. Hata hivyo atakufukuza siku atakayojua kwamba huna mali, kwa hiyo pua yako haikukosea sana. Weka nauli karibu.

*Mwenye Moyo, Devonshire:* Bwana Willoughby amekata kishungi cha nywele zako, lakini uchumba hajautamka. Muulize dada yako Elinor kama ameshuhudia ahadi yoyote. Kuna Bibi Grey huko London mwenye pauni 50,000, na yeye ndiye atakayeposwa.

*Mshenga, Highbury:* Una pauni 30,000 na muda mwingi mno. Mkulima aliyemposa rafiki yako aliandika barua nzuri kuliko ulivyopenda. Mwache binti wa watu aolewe. Kuhusu kasisi unayemtafutia yeye: anapoisifu ile picha, anamtazama aliyechorwa au aliyechora?

*Kasisi, Kent:* Unauliza kama binti anayekataa posa yako tena na tena anakutega tu ili umtamani zaidi. La. Yeye ndiye shahidi wa moyo wake, na ushahidi ameshautoa. Mpelekee posa jirani yake mwenye miaka 27, asiye na mali ya maana wala ndoto za mapenzi. Atakubali, maana hesabu yake ameshaipiga. Na akichagua chumba cha nyuma cha kukaa mchana, ili wewe ubaki na kile cha mbele chenye dirisha la barabarani, mwachie.