Bei ya Macho

Ukiwa na Prado Tarime, wewe ni tajiri, upende usipende. Haijalishi gari lilizunguka miaka mingapi huko Japani kabla ya kupandishwa meli, wala kwamba mkopo wa saccos bado unakatwa kwenye mshahara. Ukishaliegesha tu, wenye harusi wanakuletea kadi ya mchango ya daraja la juu, wenye msiba wanakuomba ubebe wafiwa, na mtoto wa shemeji, ambaye hujamwona tangu abatizwe, anakumbuka kuwa ada yake haijalipwa. Majirani zangu wameshakubaliana kwamba nina mtu wangu mgodini Nyamongo. Sina. Nyamongo huwa napita njia, naangalia uzio, naendelea na safari.

Hayo nilishayazoea. Kilichonishinda ni kioo cha nyuma.

Prado yangu ni ile ya umbo la 120, iliyotoka kiwandani kati ya mwaka 2002 na 2009. Mlango wake wa nyuma unafunguka kwa pembeni, na kioo nacho kinaweza kufunguka peke yake kwenda juu, kwa bawaba zake na shoki zake mbili ndogo. Raha tupu. Unatupia mfuko wa sukari ndani bila kufungua mlango mzima, na watu wanaona kwamba gari lina mambo. Basi nilikuwa nimeegesha karibu na soko, sina ugomvi na mtu, ikapita bodaboda imebeba dirisha la chuma, lile la grili za nondo. Kijana alikuwa amelilaza mkingamo kwenye kiti cha nyuma, ncha zimetokeza kulia na kushoto. Pikipiki ilipita. Dirisha halikupita.

Ukisikia mtu anasema kioo cha nyuma kimepata ufa, huyo hajavunjikiwa. Kioo cha nyuma hakina ufa. Kilitoa mlio mmoja mkavu, kikabaki kimesimama kitambo kidogo, cheupe chote, halafu kikamwagika. Nusu ilikwenda barabarani, nusu ikaingia ndani, na ndani kulikuwa na gunia la mtama la mama, mdomo wazi. Mama amepepeta mtama huo kwa ungo mpaka amechoka, na bado kila akisaga ananipigia simu kuniuliza kama ninataka kumuua.

Watu walijaa. Watu wa sokoni hawahitaji kualikwa. Walimzunguka kijana wa bodaboda, wakamkagua mikono, wakamkagua miguu, wakamuuliza kama dirisha la mteja halikupinda. Halikupinda. Wakashukuru Mungu. Kisha wakanigeukia mimi.

"Mzee, msamehe huyu. Pikipiki yenyewe ni ya mkataba."

Hapo kesi ilikwisha. Msomaji asiyejua mkataba wa bodaboda ni nini, ni hivi: kijana anapewa pikipiki, analeta hela kila wiki kwa mwenyewe mpaka itimie iliyopatanwa, ndipo chombo kinakuwa chake. Wiki moja ya kukosa inaweza kumrudisha kijijini kwa miguu. Ukimdai kijana wa mkataba kioo cha Prado, utakuwa mtu mbaya kuliko wezi wa ng'ombe, na kwetu huku hiyo si kauli ndogo. Nikasamehe. Sikuwa nimeulizwa, lakini nilisamehe. Na kijana, kabla ya kuwasha pikipiki, akanifariji: "Tata, gari kubwa hili, halitetereki kwa kioo kimoja."

Yupo pia bwana mmoja mwenye miwani aliyesema, "Si una bima?" Bima ninayo. Ni ile ndogo, ambayo wengi wetu tunaikata ili trafiki akihakiki kwenye simu yake akute tunatambulika. Bima ndogo inalipa hasara utakayomsababishia mwenzako. Laiti Prado yangu ndiyo ingeligonga dirisha lile, dirisha lingelipwa. Kwa kuwa dirisha ndilo lililoigonga Prado, bima ya kulipa hasara hiyo ilipaswa kuwa ya pikipiki, na pikipiki, kama nilivyokwisha kuambiwa, ni ya mkataba.

Nikaanza kutafuta kioo. Fundi wa kwanza alikuwa wa vioo vya nyumba, wale wa madirisha ya alumini. Akapima kwa futi kamba, akaandika kwenye kipande cha boksi, akasema, "Nitakukatia cha milimita sita, jioni uje uchukue." Nikamwonyesha kwamba kioo cha Prado kina mbinuko, kina matundu ya boliti, kina tundu la waipa. Akaniangalia kwa huruma. "Mbinuko wa nini, mzee? Unataka kioo au unataka umbo?"

Fundi magari ndiye aliyenielewesha, huku akila karanga zangu. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati. Jiwe likikipiga, kinapata ufa na unaweza kutembea nacho mwaka mzima ukiwadanganya trafiki kwamba umeagiza kingine. Cha nyuma ni kipande kimoja kilichochomwa kiwandani hadi zaidi ya nyuzijoto 600, kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla. Ngozi yake ya nje inajibana na tumbo lake linavuta, na kwa ugomvi huo wa ndani kwa ndani kinakuwa kigumu mara nne au tano ya kioo cha kawaida. Mpira wa watoto haukifanyi kitu. Ila ncha ya nondo ikipenya ngozi tu, ugomvi wote unafumuka kwa pamoja, na kinakuwa punje butu ili kisikukate. Ndiyo maana hakikatwi kwa kipimo baada ya kuchomwa. Kikitoka kiwandani kimekosewa, kimekosewa. Nilimshukuru kwa elimu. Karanga alimaliza.

Kwa kuwa mawe ya barabarani hupiga mbele, wauza spea wengi huweka vioo vya mbele. Vya nyuma vinatoka kwenye magari ya kukatwa. Unasubiri Prado ya mwenzako, Japani au Kibaha, ipate ajali ya mbele na nyuma ibaki nzima. Hilo ni jambo gumu kuliombea.

Sasa njoo kwenye bei. Duka la kwanza nilikwenda na gari lenyewe, nikijua muuzaji atataka kuona umbo. Akaona umbo. Akaona na rimu, akaona na viti vya ngozi, akaniona na mimi nikishuka na shati la ofisini. "Laki tisa na nusu, mheshimiwa." Nilipoomba apunguze akasema watu wa Prado hawaombi kupunguziwa. Nikarudi nyumbani nikamtuma mjomba, ambaye huwa havui mabuti ya shamba hata kwenye harusi. Alikwenda kwa miguu duka lilelile, akaulizia kioo kilekile, akasema bosi wake amemtuma. Laki tisa na nusu, ila wakamwongezea kwamba akileta bosi atapewa elfu hamsini yake. Ikabidi nimtume tena kwenye duka jingine, na safari hii aseme gari ni lake, amerithi. Laki sita. Muuzaji akampa na pole ya kufiwa.

Hiyo ndiyo bei ya macho. Haiandikwi popote. Anakutazama kwanza, halafu ndipo anakumbuka alinunua kwa kiasi gani.

Nikasema nivuke mpaka. Sirari na Isebania ni mtaa mmoja uliokatwa na nchi mbili, na Migori si mbali. Rafiki yangu wa ng'ambo akaniambia kioo kipo, elfu thelathini na tano. Nilifurahi, nikamwita mke wangu asikie. Kisha nikakumbuka kwamba ni elfu thelathini na tano za Kenya. Zidisha kwa kiwango cha vijana wa kubadilisha fedha pale Sirari, weka ushuru, au weka bodaboda wa njia za panya, ambaye kioo atakibeba mkingamo. Picha hiyo nilikuwa nimeshaiona mara moja. Nikaacha.

Baba mkubwa ndiye aliyenitoa kabisa kwenye reli. Alikuja kunipa pole, akauliza kioo ni ng'ombe wangapi. Nikamwambia kwa bei ya mnadani ni jike mmoja mzuri, mwenye mimba.

"Mura, ng'ombe anakamuliwa. Anazaa. Hicho kioo kinafanya nini?"

"Kinasaidia kuona nyuma, baba mkubwa."

"Nyuma kuna nini?"

Nimefikiria jibu hadi leo.

Katika kusubiri, tulifunga nailoni. Nailoni ile nene ya kuanikia mahindi, tukaibana na gundi ya karatasi, ya kaki, pande zote nne. Mjini ilitulia. Siku ya kwenda Mugumu kwenye kikao cha mahari cha binamu yangu, ilianza kuongea mara tu tulipoiacha lami. Barabara ya Tarime hadi Mugumu ilikuwa ikiwekewa lami kwa vipande, na kati ya kipande na kipande ndiko vumbi lilikohamia. Mwendo wa polepole nailoni inapumua. Ukiongeza inapiga makofi. Ukikimbiza inapiga risasi, na wazee waliokaa nyuma walijiinamia kweli, maana Tarime ya zamani wanaikumbuka.

Kabla hatujavuka Mto Mara, upande mmoja ukabanduka. Wengi wanadhani vumbi linaingia kwa mbele kwa sababu gari linakwenda mbele. Gari lenye mgongo ulionyooka wima likikimbia, hewa nyuma yake inakosa pa kushikia, inaacha uwazi unaonyonya, na kinachonyonywa ni vumbi la magurudumu yako mwenyewe pamoja na moshi wa dizeli yako mwenyewe. Tuliteremka Mugumu tukiwa wekundu kope hadi soksi. Wakwe walitupokea kwa heshima, wakatupa maji ya kunawa, kisha mzee wao mmoja akauliza kwa upole kama ujumbe wa mahari ndio sisi au sisi ni wapakiaji moramu.

Pale Mugumu nilijaribu bahati, nikijua mji una magari ya watalii tele yanayopanda Ikoma kuingia hifadhini. Fundi akafurahi kuniona, akazunguka nyuma, furaha ikaisha. Ya watalii mengi ni Land Cruiser za mkonga, na mlango wao wa nyuma una vioo vya bapa vinavyoshikwa na raba. "Ungekuwa na mkonga, mzee, tungeongea leo leo. Hili lako ni gari la starehe." Alilitamka neno starehe akiitazama nailoni.

Njiani kurudi trafiki alitusimamisha. Faini ya kosa moja ilikuwa shilingi 30,000, na nilikuwa tayari kuilipa niende zangu. Hakuandika. Alizunguka gari, akagusa nailoni kwa kidole, akaita mwenzake aje aone. Kisha akanirudishia leseni na kusema, "Mzee, Prado ni gari la heshima. Unatudhalilisha." Ni afadhali angeandika.

Hatimaye kioo kilipatikana Dar es Salaam, Gerezani, kikaja na basi kikiwa kimeviringishwa blanketi na maboksi. Risiti ya mzigo ina maandishi madogo yanayosema chochote kikivunjika ni shauri lako. Kilifika kizima. Fundi akakifunga kwa muda mfupi kuliko wa kuchoma nyama ya kichuri: bawaba, shoki, waipa. Zikabaki waya mbili za zile nyuzi nyembamba za kahawia zilizolala upande wa ndani wa kioo. Nikamuuliza mbona haziungi. Akaniambia hizo ni za kupasha kioo joto kiyeyushe theluji, kwani Tarime kuna theluji? Nikamwambia zinaondoa na ukungu, na Tarime asubuhi kuna ukungu. Akanijibu kwamba ukungu wa Tarime huondolewa na jua, na jua haliombi malipo ya ufundi umeme. Waya zinaning'inia hadi sasa.

Nilipolipa ndipo nilipokisoma kioo. Pembeni chini, kwa mchongo mzuri wa tindikali, ule tunaochongesha ili wezi wasituibie vioo, kuna namba ya gari. Si yangu. Yangu imo kwenye herufi D, ya kioo imo kwenye C. Kwa hiyo sasa natembea na gari lenye namba moja mbele na nyingine nyuma, na kwenye kila kizuizi nateremka kueleza kwamba sikuiba gari, nimenunua kioo, na kwamba walioandika namba kuzuia wizi hawakufikiria ajali. Wananisikiliza. Wengine wanatoa simu wanapiga picha.

Basi, ndugu msomaji, kama uliwahi kuwa na Prado yenye namba ya C, ikagongwa mbele na ukaiuza kwa vipande, naomba ujitokeze na kadi ya gari unithibitishie kwa maandishi. Nitakulipia nauli na chakula. Ila tafadhali, uje na basi.