Kogo, Kadi ya Manjano na Safari ya Uganda

Bonasi ya chai ilipoingia Oktoba, mume wangu alilipa deni la mbolea, akatenga karo ya Januari, kisha akatangaza mezani kwamba Desemba nyumba nzima itavuka mpaka kwenda kutembea Uganda. Hapa Kapsoit mkulima mdogo hulipwa kiasi kila mwezi na kungoja bonasi mwaka mzima, kwa hiyo tangazo kama hilo si maneno ya kupita. Watoto walirukaruka. Kogo, mama mkwe wangu, aliweka chini kikombe chake cha maziwa ya mursik na kuuliza: "Na ng'ombe atakamuliwa na nani?"

Jirani alikubali kukamua, na kuchuna chai pia zamu ikifika. Hapo tukaingia kwenye ugomvi wa njia. Baba watoto alitaka mji. Alitaka Kampala yenye makaburi ya Kasubi, walikozikwa makabaka wanne wa Buganda, yaliyoteketea Machi 2010 na kujengwa upya. Alitaka jumba la makumbusho lililoanzishwa 1908, na mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala, ambao ukiupanda unaviona vilima vya mji pande zote. Kifunguamimba wetu alitaka mashambani. Hoja yake ilikuwa Fort Portal, kilomita zipatazo 300 magharibi ya Kampala, penye maziwa ya volkeno na milima ya Rwenzori. Aliposema kwamba huko nako wanalima chai, Kogo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Niache majani yangu, nikalipe nauli kutazama majani ya wenzangu?"

Alipotulia, alisema lake. Ziwa amelijua upande wa Kisumu tangu usichana wake. Anataka kuona mahali maji yake yanapotoka kwenda Misri.

Neno hilo ndilo lililotupatia njia. Ukitoka Busia kwenda Kampala unapita Jinja, Mto Naili unapoanzia ziwani, na kutoka hapo Kampala ni kilomita 80 hivi. Tukakubaliana: Jinja kwanza, mji katikati, na Fort Portal mwisho, ili kelele za Kampala zituishe masikioni kabla ya kurudi nyumbani.

"Karatasi hazina shida," akasema baba watoto. "Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho."

Kwa yeye na mimi, ni kweli. Watoto hawana kitambulisho. Wanahitaji hati zao za kusafiria, na hati huanza na cheti cha kuzaliwa. Kitindamimba alikuwa na ile karatasi ya hospitali tu, na ilikuwa imelowa mvua hata jina halisomeki. Kitambulisho cha Kogo kilikuwa kimepasuka katikati. Tulipompeleka kuomba kingine, mashine haikusoma vidole vyake. Alipangusa mikono, akapakwa mafuta, akajaribu tena na tena. Vidole vilivyochuna chai tangu ujana vimelika alama. Niliitazama mikono ile, na donge likanikaba kooni, kwa maana ndiyo iliyomsomesha mume wangu.

Kisha tukafika kwenye chanjo. Uganda inataka cheti cha homa ya manjano kwa kila mgeni aliyetimiza mwaka mmoja. Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na siku yetu ya kuondoka ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Akamgeukia Kogo: aliyepita miaka 60 hachanjwi kabla daktari hajampima, maana madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwaandama zaidi wazee. Daktari akiona haifai, humwandikia hati ya kumsamehe.

Jioni ile Kogo alisema, "Nendeni. Mimi nitabaki na ng'ombe."

Mume wangu alijibu bila kuinua kichwa: "Mama, Naili ni yako. Hatuendi bila wewe."

Hakuna mtoto aliyelalamika. Safari tuliihamishia Agosti, shule zikifungwa. Aprili tuliikataa kwa sababu ya mvua za masika, huku na huko, na ndiyo miezi chai hailali. Cheti cha kitindamimba kimeshatoka, na sisi tuliochanjwa hatutachanjwa tena: tangu 2016 kadi hiyo inatambulika kwa maisha yote. Kogo ameshapimwa na daktari, na kitambulisho chake kipya kimo ndani ya Biblia yake.

Nawe unayepanga kuvuka mpaka na watu wako, usianze na nauli wala hoteli. Anza na karatasi za mtoto mdogo kuliko wote na za mzee kuliko wote, miezi mitatu au minne kabla. Zikishakamilika hizo, wengine wote wa katikati watapita.