Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Malango na Nyasi za Oxford

KWENU: Waheshimiwa Wakuu wa Vyuo, Mabawabu na Watunza Nyasi,
Oxford, Uingereza.

YAH: KUOMBA UFAFANUZI KUHUSU KUINGIA NA KUTOKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Tabora na mkewe, ambaye naye alifundisha Kiswahili sekondari mpaka kustaafu, walipanda treni asubuhi katika kituo cha Paddington, London, na baada ya kama saa moja wakashuka mjini kwenu. Tiketi walikatiwa na binti yao anayefanya kazi London. Walikuja na adabu zao zote: mama amejifunga kitenge na juu yake koti zito la kuazima, mzee amevaa suti aliyoagwa nayo kazini. Hawakuja kuomba nafasi ya masomo. Walitaka kukiona chuo kikuu, basi.

Hapo ndipo lilipo ombi la kwanza. Ukifika Dar es Salaam ukataja Mlimani, kondakta anakushusha, unakiona chuo, unarudi zako. Kwenu kuna vyuo zaidi ya 30, kila kimoja na lango lake, bawabu wake, saa zake za kufungua na bei yake, na chuo kikuu chenyewe hakina mahali. Mzee alipomuuliza mpita njia kiko wapi, aliambiwa kwamba amesimama ndani yake. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha basi.

Tunafahamu kwamba tatizo hilo mnalijua siku nyingi. Mwanafalsafa wenu Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alimtaja mgeni anayetembezwa vyuoni na maktabani kisha akauliza, sasa chuo kikuu kiko wapi? Akamfanya mfano wa kosa la kufikiri. Pengine kibao kimoja chenye mshale kingegharimu kidogo kuliko falsafa, lakini sisi si wataalamu.

Kuhusu nyasi, wageni wetu walizitazama kupitia lango la chuo kimoja siku ambayo wageni hawaruhusiwi. Zilikuwa zimekatwa sawasawa kama zulia la msikitini, mistari inaonekana, na pembeni kibao cha kukataza kuzikanyaga. Walielezwa kwamba desturi ya vyuo vingi ni kuwaachia walimu wa chuo peke yao haki ya kupita juu yake. Mama alitazama kushoto, akatazama kulia, hakuona mwalimu hata mmoja. “Baba watoto,” akasema, “majani yote haya, na mbuzi hawana?”

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenu msemo huo unatekelezwa kikamilifu: mgeni hulipia lango hili, akavuka barabara, akalipia na lile, na mwenyeji anazidi kupona.

Waheshimiwa, tungependa mkumbuke kwamba ninyi ndio mlioanza kutembelea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981, ambayo mama aliibeba darasani hadi jalada likachanika, ilichapishwa na Oxford University Press, na kampuni hiyo ni idara ya chuo kikuu chenu. Mkebe wa hesabu wa mzee, wenye bikari na kipimapembe ndani, uliandikwa Oxford kwenye kifuniko. Mmekaa nyumbani kwao Tabora miaka mingi, kabatini na mezani, na hakuna aliyewadai kiingilio wala kuwauliza kama mna miadi.

Kuingia, basi, ni taabu. Kutoka nako tumeona ni taabu zaidi.

Maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa mwaka 1602, haiazimishi vitabu, na msomaji huapa kwamba hataingiza moto humo. Mwaka 1645, Mfalme Charles wa Kwanza, akiwa na makao yake hapo Oxford wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alituma mtu akamwazimie kitabu. Akanyimwa. Kwa hilo tunawavulia kofia. Kwetu mkuu wa wilaya angekichukua na hata rafu yake.

Lakini ugumu huo wa kutoka umeenea hadi kwa visivyo vitabu. Jumba lenu la makumbusho la Pitt Rivers, lililoanzishwa mwaka 1884, kuingia ni bure, na ndani yake Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya walikuta isurutia, mkufu wa mwanamke aliyeolewa, unaorithishwa ndani ya familia na ambao hauuzwi. Tuseme kweli: wenye jumba walikaa na wenye mali wakazungumza, na mwaka 2023 familia za Wamaasai zilipewa ng'ombe kwa mila ya kusuluhisha. Nayo sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes inasimama juu ya jengo la Chuo cha Oriel tangu mwaka 1911. Tume iliundwa, wajumbe wake wengi wakaunga mkono iondolewe, na mwaka 2021 chuo kikaamua kutoanza kazi hiyo kwa sababu ya gharama na ugumu wa taratibu.

Msituambie kwamba fidia ni jambo geni kwenu. Februari 1355 ugomvi wa mvinyo katika kilabu kimoja uligeuka vita kati ya wanachuo na watu wa mji. Baada ya hapo meya alitakiwa kila mwaka kwenda kanisani na kulipa peni 63, moja kwa kila mwanachuo aliyehesabiwa kuuawa. Desturi hiyo iliendelea hadi 1825. Mzee alitoa kalamu akapiga hesabu: miaka 470. Hakuna mwaka ambao chuo kilimwandikia meya kwamba taratibu ni ngumu.

Usiku walibaki makusudi kusikiliza kengele kubwa ya Chuo cha Christ Church, katika mnara uliosanifiwa na Christopher Wren. Inagonga mara 101, kwa idadi ya wanafunzi wa chuo hicho hapo zamani, tena saa tatu na dakika tano, ambayo kwa jua la Oxford ni saa tatu kamili, kwa kuwa Oxford iko digrii moja na robo magharibi ya Greenwich, na kila digrii ni dakika nne za jua. Mzee alifurahi kuliko siku nzima. Afrika Mashariki inafuata saa ya digrii 45. Tabora iko karibu na digrii 33. Tofauti ni digrii 12, yaani dakika 48.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu: kibao chenye mshale; siku moja kwa mwaka ya kukanyaga nyasi; na orodha ya vitu vyote vya Afrika Mashariki vilivyo kwenu, pamoja na bei ya kuvitoa, maana ya kuingia tumeshaijua.

Kikao cha kupokea majibu yenu kitaanza Tabora saa nne kamili asubuhi. Wajumbe watawasili saa tano kasoro dakika kumi na mbili, na kwa mfano wenu hakuna atakayehesabiwa kuwa amechelewa.

Kwa niaba ya wageni wawili wa Tabora.