Mwenye Kiwanda Analalamika

Mkulima wa chai wa Bomet ni mwanahisa wa kiwanda chake. Kwa hiyo akilalamika, anajilalamikia mwenyewe. Mwaka 2025, bonasi ilipotangazwa, wakulima wa Kericho na Bomet waliona viwanda vingi vya Mlima Kenya vikilipa maradufu kwa kilo. Wakaingia barabarani.

Wakajibiwa: tatizo ni mnada wa Mombasa, na ubora wa majani.

Ubora! Majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni tangu alfajiri, na karani wa kituoni keshayakagua, akayapima, akaandika kilo. Na mnada? Ile bei ya kima cha chini ya dola 2.43 kwa kilo, iliyowekwa mnadani mwaka 2021 na kuacha chai ikilala maghalani, nayo haikuchumwa Bomet.

Bonasi hulipwa Oktoba. Mwanahisa asubiri.